Bi Harusi, Ndoa Yako Imeandikwa Wapi?



Harusi ikikaribia hapa kisiwani, hakuna tusilolijua. Tunajua nani atampiga bi harusi hina, somo wake ni nani, sare ni ya rangi gani, pilau itapikwa kwa nani na mahari ni kiasi gani. Liko jambo moja tu ambalo hatuliulizi, nalo ndilo tunalotaka kulisema leo. Ndoa hiyo itaandikwa katika kitabu kipi? Kitabu hicho kitakaa wapi? Na cheti atakabidhiwa nani?

Msimamo wetu ni huu: bi harusi awe na nakala yake ya cheti cha ndoa, akabidhiwe yeye mwenyewe mkononi. Na aliyeolewa zamani bila kuipata, aiombe sasa, wakati mume yu hai na nyumba ina amani.

Tusieleweke vibaya. Karatasi haihalalishi ndoa. Nikaha inatimia kwa walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali, na mahari ni haki ya mke. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu haikusajiliwa. Mama zetu wengi waliolewa bila cheti na ndoa zao ni sahihi. Lakini kuwa mke mbele ya Allah ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba wewe ni mke mbele ya hakimu, benki au mfuko wa pensheni ni jambo jingine. Kwa hakimu, cheti cha ndoa au nakala yake iliyothibitishwa inajisemea yenyewe. Asiye nacho lazima atafute watu wa kumsemea.

Na hao watu wako wapi? Zamani kijiji kizima kilikula pilau ya harusi, na shahidi aliishi nyumba ya tatu. Leo shahidi mmoja amehamia Dar es Salaam, mwingine ametangulia mbele ya haki, na sheikh aliyeozesha hasomeshi tena pale. Sheria yetu inayo njia kwa mwenye kukosa cheti: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kuwa mume na mke, mahakama inaweza kuwadhania kuwa wameoana, mpaka athibitishe mwingine kinyume chake. Tafakari hapo, dada. Mwanamke aliyeozeshwa na baba yake kwa mahari na mashahidi anafika mahali anajitetea kwa dhana ile ile ya watu waliochukuana tu. Hiyo ni heshima gani?

Linalotuuma zaidi ni eda. Mume akifariki, mke anakaa eda ya miezi 4 na siku 10, isipokuwa mjamzito, ambaye eda yake ni mpaka ajifungue. Ni muda wa utulivu, wa kukaa nyumbani, wa kumwombea marehemu. Sasa angalia mambo yanayokuja humo humo: kikao cha ukoo, kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, madai ya pensheni, na pengine mtu kutoka bara anayesema naye ni mke. Kila mlango unauliza cheti cha ndoa. Thumni yake, au robo kama marehemu hakuacha mtoto, imetajwa ndani ya Qur'ani, wala hapana ndugu wa mume mwenye uwezo wa kuifuta. Lakini anayebishiwa ndoa yenyewe anabishiwa na fungu lake. Ndipo mjane anapolazimika kutoka kutafuta karatasi, macho yamevimba kwa kilio, katika siku ambazo dini imemtaka atulie. Nakala ingekuwa kwenye sanduku lake, kaka yake angeichukua na kwenda nayo.

Wapo watakaosema kuomba cheti ni kumshuku mume. Tunawarudisha kwenye Suratul Baqara, aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na inakataza kuchoka kuandika, jambo liwe dogo au kubwa. Ikiwa deni la fedha limepewa aya ndefu namna hiyo, ahadi nzito ya ndoa inanyimwaje mstari mmoja kitabuni? Kuandika kunazuia shaka isije baadaye.

Na wapo watakaosema mambo ya hati ni ya wanaume. Hao tunawakumbusha Mama yetu Hafswa binti Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa wakati wa Sayyidna Abubakar zilikuja kuhifadhiwa kwake. Sayyidna Uthman alipotaka kuandikisha misahafu alituma kwake kuziomba, kisha akamrudishia. Khalifa ndiye aliyeomba, na mwanamke ndiye aliyekuwa mtunzaji.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe, maana wengi hupotelea hapa. Pale Kilindoni kuna ofisi mbili ambazo watu huzichanganya. Halmashauri ya Wilaya ipo chini ya Mkurugenzi, nayo ina mambo yake, kama viwanja na leseni za biashara. Usajili wa vizazi, vifo na ndoa uko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambayo kwa wilayani kazi zake hupitia Ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa hiyo anza kwa sheikh aliyeozesha au msikiti wake, uulize kitabu cha siku ile kiko wapi na kama taarifa zilipelekwa kwa msajili. Kisha nenda ofisi ya wilaya. Bi harusi mtarajiwa naye amwombe walii wake aulize mapema: sheikh atakayeozesha ana leseni ya kufungisha ndoa, na cheti chake kinatambuliwa na msajili?

Nenda na barua. Andika majina yenu kama yalivyotajwa siku ya ndoa, tarehe au hata mwezi wa Kiislamu na mwaka, kijiji na msikiti, jina la sheikh, la walii na la mashahidi. Fanya nakala 2, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukilipa ada, dai risiti. Na kama jibu ni kwamba ndoa haimo kitabuni, usiondoke hivyo hivyo. Uliza utaratibu wa kuisajili sasa, mashahidi wakiwa bado hai.

Na unapoingia mle ofisini, jua kwamba huombi fadhila. Katiba ya nchi, ibara ya 18, inatambua haki ya kupata taarifa. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30, na ikikataa iseme sababu. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, na afisa aandike. Bibi yetu wa Bweni asiyeshika kalamu anayo haki ile ile ya mwenye shahada.

Hapa tuna neno kwa wenye ofisi pia, kwa adabu. "Njoo kesho" kwa anayekaa Kilindoni ni kutembea tu. Kwa mwanamke wa Jibondo ni boti, ni kusubiri maji, ni nauli nyingine na watoto kuachwa kwa jirani siku ya pili. Ubandikwe mlangoni ubao wa Kiswahili chepesi: vitabu gani vipo hapa, ada ni kiasi gani, siku gani msajili yupo. Na mara moja moja msajili afunge safari yeye, afike Kirongwe, afike Jibondo na Chole. Kitabu kimoja kusafiri ni rahisi kuliko wanawake wa kisiwa kizima.

Kwa masheikh wetu tunaomba jepesi zaidi. Mahari inapokabidhiwa, cheti nacho kifuate. Kisipelekwe kwa bwana harusi peke yake, wala kisibaki kwenye kanzu ya mjomba. Na enyi masomo wetu, mnaomfunda mwari usafi, subira na kumtunza mume, ongezeni funzo hili moja: mahali pa kuweka hati zake.

Tunakiri kwamba cheti hakileti haki yote. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Uamuzi ule umewasaidia wanawake wengi tangu hapo, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona ameshatumia vibaya fedha alizopewa na mumewe. Mahakama ina mizani yake. Lakini mizani hiyo haianzi kupima mpaka ijulikane kwamba wewe ni mke.

Basi wiki hii, dada, fungua sanduku lako. Kama cheti kimo, toa kivuli chake ukampe mtu unayemwamini. Kama hakimo, mwambie mume wako kwa upole, baada ya chakula, kwamba mnataka kwenda wote wawili kukiomba. Mume mwema atafurahi, kwani anayelindwa ni mke wake na watoto wake.

Allah azidumishe ndoa zetu kwa mapenzi na huruma, awarehemu waume zetu waliotangulia, na asimfikishe yeyote kati yetu mahali pa kuulizwa, "Wewe ni nani kwa marehemu?" akakosa la kuonyesha. Aamin.