Posho ya mpagazi kwenye sahani ya abiria wa bodaboda

JIKO NA AFYA
Na Zaituni Kasele

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepanda bara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, katika karne ya 19 alibeba frasila mbili hivi begani, yaani zaidi ya kilo 30, na posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Kibaba kile kilikaribia robo tatu ya kilo. Kikisagwa na kusongwa ugali, kilimpa kama kalori 2,500, na zote ziliishia njiani, kwa kuwa Bagamoyo hadi Tabora ni safari ya kilomita 800 hivi kwa mguu. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, msafara wake ulikuwa umetumia zaidi ya miezi minne.

Ipole, wilayani Sikonge, bado ni mahali pa wasafiri. Lami ya kutoka Tabora inapita hapo kwenda Koga na Mpanda, na njia nyingine inachepuka kuelekea Rungwa. Bodaboda inampeleka mama sokoni na mashine ya kusaga imeupumzisha mtwangio. Bonge la ugali tu ndilo lililobaki lilelile la enzi za mzigo begani, na hapo ndipo kilo zinapoingilia.

Tatizo la uzito si la Dar es Salaam peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopindukia, huku 10 katika kila 100 wakiwa wamekonda kupita kiasi. Hali hizo mbili zinaweza kukaa chini ya paa moja, na mpishi akawa yuleyule. Kwa sababu hiyo ushauri unaomtaka mama apike chakula chake cha pekee, oti za pakiti na saladi zinazosafirishwa kutoka mbali, unamchosha na kumfilisi bure. Anayetaka kupungua Ipole anaweza kula kutoka sufuria ileile ya familia. Kinachobadilika ni kipimo.

Aanze na unga. Robo kilo ya unga wa mahindi, kiasi ambacho mtu mzima anayelima anaweza kukimaliza kwa mlo mmoja, ina kalori 900 hivi. Akishuka hadi gramu 150 anabaki na 540. Tofauti hiyo kila siku, bila kuongeza kitu kingine mahali pake, inatosha kumshusha taratibu. Bora pia achague dona badala ya sembe: pumba na kiini vinabaki ndani, tumbo linakaa na shibe muda mrefu zaidi. Ila ugali ukipunguzwa bila mboga kuongezwa, njaa itarudi kabla ya saa kumi alasiri, na maandazi ya jirani yatafanya kazi iliyobaki.

Kwenye mboga Unyamwezi una hazina ambayo wauza dawa za kupunguza tumbo wangetamani kuifungasha. Mlenda unaongoza. Maji yanachemka na magadi kidogo sana, zinafuata nyanya chungu zilizokatwa na bamia, kisha majani yaliyokaushwa na kutwangwa yananyunyizwa huku mkono mwingine ukikoroga mpaka uzito uvutike kwenye mwiko. Hakuna tone la mafuta. Bakuli zima lina kalori chache kuliko kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, na ule utelezi ni nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Mwenye presha apunguze magadi pamoja na chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kiangazi kikikausha bustani zipo nsansa, majani ya kunde yaliyoanikwa, na mvua zikianza msitu wa miombo unatoa uyoga.

Mafuta ndiyo yanayoiba. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Anayemimina kutoka kwenye chupa hahesabu, na mchuzi wa watu wanne unaweza kumeza vijiko vitano: kalori 150 zaidi kwa kila sahani kabla nyama haijaguswa. Apime kwa kijiko, viwili kwa sufuria nzima, au apike chukuchuku. Samaki wakavu wa mto Ugalla na kuku wa kienyeji wana ladha yao wenyewe. Nyanya, kitunguu na ndimu vinatosha kuiamsha.

Kisha asali. Hapa safu hii inajua inagusa jambo la heshima, kwani asali ya miombo ni fahari ya Sikonge na riziki ya nyumba nyingi. Lakini maji ya uvuguvugu yenye limau na asali, yanayosifiwa kuyeyusha mafuta ya mwili, hayayeyushi chochote. Kijiko kikubwa cha asali kina kalori zipatazo 60, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali kundi moja na sukari ya kuongezwa. Iliwe kidogo, kwa utamu wake, au iuzwe. Soda ndiyo ikatwe kabisa: chupa ya mililita 300 inabeba vijiko vinane hivi vya chai vya sukari, na haishibishi hata kidogo.

Karanga nazo zinahitaji uangalifu, maana karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Hata hivyo ni chakula chema, na hapa ndipo sufuria moja inapogawanyika kwa haki. Mama anayepungua achukue mboga yake kabla karanga zilizotwangwa hazijaingia, kisha awaongezee watoto kwa ukarimu. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, pia yawe ya watoto wanaotoka shule na kijana anayetoka kuchuma tumbaku. Mama akiyala, yawe badala ya ugali wa mlo huo, yasiwe nyongeza.

Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Anayetumia vidonge au sindano za kisukari asipunguze ugali kabla ya kuonana na mhudumu wa kliniki yake, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa sahani kubwa inaweza kuishusha sukari hadi kumwangusha, na kliniki dozi hiyo inaweza kurekebishwa mapema.