Saa Kumi na Moja, Kalimoni

Mechi ilipangwa saa kumi. Ilianza saa kumi na dakika kumi, maana refa alikuwa bado anabishana na mwenye nduthi juu ya nauli ya kutoka Juja mjini. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, hapa Kalimoni, kwenye uwanja wa vumbi ambao mistari yake huchorwa kwa jivu na ukungu wa alasiri ukishuka huwezi kujua mpira umetoka au haujatoka mpaka mshika kibendera aamue kukuonea huruma. Goli moja lilikuwa na wavu. Watu nao walikuwapo: nilihesabu zaidi ya mia moja, akina mama wa mahindi ya kuchoma, vijana waliokaa juu ya pikipiki zao, wazee wawili watatu waliokuja na viti kutoka nyumbani.

Kipenga cha mapumziko kililia saa kumi na moja kasoro dakika chache. Kikawa kama kimelia pia kwenye simu za watu. Vijana waliinuka, wakapangusa suruali, pikipiki zikawashwa. Hawakuwa na hasira na mtu, wala timu yao haikuwa imefungwa. Ilikuwa sare tasa na mchezo ulikuwa mtamu. Walikuwa wanawahi kibanda cha kuonyeshea mpira, kule barabarani, ambako mechi za Uingereza zilikuwa zinaanza saa kumi na moja kamili. Nilipohesabu tena tulikuwa ishirini na saba, pamoja na watoto waliokuwa wanachunga mbuzi nyuma ya goli lisilo na wavu.

Mzee mmoja, ambaye hapo kila mtu humwita Guka, aligeuka akanitazama. “Na wewe huendi Uingereza?”

Nikamwambia nimekuja kuangalia hii.

“Basi keti, kijana wangu. Viti sasa vipo.”

Toleo hili tumelitenga kwa shabiki wa mtaani na mpira wa pesa, na nilikuwa nimeshaliandika neno la mhariri la aina inayojulikana: zamani tulipenda mpira, pesa zikaja, mpira ukaharibika. Nililitupa Jumapili asubuhi. Wale vijana hawakukosa mapenzi, na kiingilio cha kibanda ni shilingi thelathini, “thate” kwa lugha ya vijana, kwa hiyo siwezi kusema pesa nyingi ziliwavuta. Kilichochukuliwa mbele ya macho yangu ni saa. Kulikuwa na saa moja ya wiki ambayo watu wa mahali pamoja walikuwa wanasimama kando ya uwanja mmoja, wanamzomea refa mmoja, wanajuana kwa majina na kwa madeni. Saa hiyo ndiyo nyumba ya ushabiki. Ukiichukua, jezi hubaki, nyimbo hubaki, hata ubishi wa kwenye matatu hubaki, lakini havina pa kulala.

Waingereza wenyewe wanalijua hili kuliko sisi. Mechi za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri kwa saa za kwao, ambayo mwezi wa Septemba ni saa kumi na moja kwetu, hazionyeshwi moja kwa moja kwenye runinga yoyote ndani ya Uingereza. Kanuni hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne. Miaka ya 1960 Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, aliwashawishi wenzake kwamba mtu akiweza kuiona timu kubwa akiwa sebuleni, hatatoka kwenda kuiona timu ndogo ya mji wake kwenye baridi. Tangu hapo, kuanzia saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo kwa saa zao, runinga hunyamaza ili viwanja vidogo vipate watu. UEFA hadi leo inaruhusu kila shirikisho kujitengea muda wa namna hiyo. Na Ligi Kuu ya Uingereza ilipouza haki za matangazo ya ndani kwa paundi bilioni 6.7 kwa misimu minne kuanzia 2025, kila kitu kiliwekwa mezani isipokuwa saa hiyo.

Sasa fikiria. Mkazi wa Burnley hawezi kuiona mechi ya saa hiyo kihalali nyumbani kwake. Mkazi wa Gachororo, hapa Juja, anaiona, tena kwa picha safi, huku anakunywa chai ya maziwa. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya timu ndogo za kwao unaishia ufukweni kwao. Timu ndogo ya Kalimoni haikuwa akilini mwa Bob Lord, na sioni ni kwa nini ingekuwa. Swali ni kwa nini haijawahi kuwa akilini mwa mtu yeyote wa hapa.

Na asije mtu akadhani tatizo langu ni makampuni. Kumwambia mtu wa Thika kwamba biashara iliuvamia mpira ni kumsahaulisha historia ya mji wake. Thika ni mji wa viwanda. Watu walifuata kazi, na timu zikafuata watu. Thika United, iliyocheza Ligi Kuu ya Kenya kwa miaka hadi iliposhuka daraja mwaka 2018, ilijulikana kwa udhamini wa maziwa ya Brookside ya pale Ruiru. Bidco United, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, inalibeba jina la kiwanda cha mafuta ya kupikia kama mtoto anavyolibeba jina la baba. Bila viwanda hivyo tusingeona mpira wa Ligi Kuu karibu na nyumbani. Nashukuru, na shukrani yangu ni ya kweli.

Ila nakumbuka kukaa kwenye uwanja wa Thika siku Gor Mahia walipokuja. Jukwaa lilikuwa la kijani kuanzia juu hadi chini. Watu walikuwa wametoka Makongeni, Kiandutu, hata Juja, wakazi wa hapa hapa, wanalipa kodi ya nyumba hapa, na wote walikuja kuiunga mkono timu ya wageni. Wenyeji tulikuwa kikundi kidogo karibu na mlango wa kutokea, tunapiga makofi kwa adabu kama watu waliokaribishwa. Timu ilikuwa na mdhamini, kocha, basi. Ilichokosa ni watu wa kuiumizia vichwa. Iliposhuka daraja, mtaani kwangu habari hiyo ilidumu siku moja.

Linganisha na hao wageni na mahasimu wao. Mwaka 1980 serikali ilipoamuru vilabu viache majina ya kikabila, Abaluhya ikageuka AFC Leopards, na mashabiki wakaendelea kuja na ngoma zao za isikuti kana kwamba hakuna kilichotokea. Gor walitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia, na wako watu ambao hawajamaliza kulisimulia. Mwaka 2019 kampuni ya kubeti ya SportPesa ilipogombana na serikali juu ya leseni na kodi ikaondoa udhamini wake, vilabu vyote viwili vilibaki uchi. Mishahara ilikwama, wachezaji wakahama, mashabiki wakachangishana kwa simu. Vilabu vipo hadi leo. Sitaki kuwapaka mafuta: mashabiki hao hao wamerusha mawe, wamevunja viti, wametukanana kwa makabila, na mama anayeuza njugu nje ya uwanja anajua siku ya kufunga kibanda mapema. Lakini mtu hachangii shilingi mia kwa kitu asichokiona kuwa chake. Hilo ndilo ambalo udhamini wa Thika haukuweza kulinunua, kwa sababu halikuwa likiuzwa.

Kampuni hiyo ya kubeti inastahili mstari mmoja zaidi. Jina lake lilikuwa kifuani mwa Gor na pia kifuani mwa Everton. Ndiyo maana Everton walitua Dar es Salaam Julai 2017 wakawafunga Gor 2-1, na Novemba 2018 Gor wakaenda Goodison Park wakala nne bila. Tulishangilia sana, hata mimi. Gazeti letu hili lilitoa picha kubwa. Na nikiri kabisa: matoleo yetu yaliyonunuliwa zaidi ni yale yenye uso wa mchezaji wa Ulaya kwenye jalada. Tunajua tunachofanya.

Kubeti kumefanya jambo jingine ambalo halionekani kwa haraka. Shabiki hushika timu moja na kuzeeka nayo. Mwenye mkeka wa kubeti ana timu kumi na mbili kila Jumamosi na hapendi hata moja. Anahitaji kibanda, kwa sababu kwenye uwanja wa Kalimoni atapata mechi moja tu, tena ambayo hakuna aliyeiwekea bei. Mkeka ukichanika dakika ya tisini kwa bao la timu ya Ubelgiji asiyoweza kuitamka, anaumia kweli, lakini ni maumivu asiyoweza kuyazungumza na jirani.

Wapo watakaoniambia kwamba vijana wa sasa hawana hamu na mpira wa nyumbani, basi. Ningewaamini kama si Agosti 2025. Mashindano ya CHAN, ambayo wachezaji wake lazima wawe wa ligi za ndani, yalikuja uwanja wa Kasarani, na Thika Road ikafurika. Watu walivuka uzio, CAF ikaadhibu, idadi ya tiketi ikapunguzwa, na bado walikuja. Kenya ikawafunga DR Kongo, ikatoka sare na Angola, ikawafunga Morocco na Zambia, mpaka Madagaska ilipotutoa kwa penalti kwenye robo fainali. Wale vijana waliobebwa mabegani ndio wale wale wanaocheza Ligi Kuu yetu mbele ya majukwaa matupu. Wengine walipitia Ruiru mwezi mmoja kabla na hakuna aliyewaomba picha. Kuna sababu nyingi, wimbo wa taifa ukiwa mojawapo, na donge nono la serikali nalo lilisaidia gumzo. Mimi naongeza moja ndogo: mechi tatu za kwanza zilichezwa kabla Ligi Kuu ya Uingereza haijafungua msimu tarehe 15 Agosti. Saa ilikuwa wazi.

Waandaaji wa mashindano ya Koth Biro, pale Ziwani, Nairobi, wamelijua hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mashindano yao huja mwisho wa mwaka, kiingilio hakuna, uwanja hauna hata nyasi za kujivunia, na wachezaji wa Ligi Kuu hurudi kuchezea mitaa waliyokulia. Watu husimama hadi kwenye mistari. Waliishika saa yao wakakataa kuiachia.

Sisi huku tunapoteza saa na uwanja kwa mpigo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru; ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Mashamba ya kahawa na katani yaliyokuwa yametuzunguka yamekatwa vipande vya hamsini kwa mia, na mpima ardhi akija na vigingi vyake hukianza kila kipande kwa kuuliza barabara itapita wapi. Sijawahi kumsikia akiuliza goli litasimama wapi. Mwandishi wetu mmoja amezunguka kutoka Kimbo hadi Landless kuvitafuta viwanja alivyochezea utotoni. Picha zake ziko katikati ya toleo, na ukurasa wa kanisa lenye mlingoti wa goli uani sitawaharibia utamu. Mwingine ametuletea hesabu ya timu moja ya mtaani kwa msimu mzima, hadi bei ya ndimu za mapumziko. Isomeni kabla ya kulalamika juu ya mshahara wa mtu wa Manchester.

Ombi langu kwa wanaopanga ligi za Kiambu, na kwa wenye vibanda, ni dogo kuliko makala haya. Simwombi mtu azime runinga. Mechi ya mtaani ikianza saa kumi kamili, pamoja na mapumziko, inaisha saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Jumamosi ambayo timu ya mtaa inacheza nyumbani, mlango wa kibanda ufunguliwe saa hiyo. Ni dakika hamsini. Nilimpelekea wazo hili mwenye kibanda wa kule barabarani. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kwa upole. “Mhariri, hizo dakika hamsini utanilipia wewe stima?” Nikamwambia nitarudi. Sijarudi bado, kwa sababu nadhani jibu ni ndiyo, kuna mtu anapaswa kumlipia, na bado natafuta ni nani kati yetu.

Nirudi uwanjani. Kipindi cha pili kilichezwa mbele yetu ishirini na saba. Bao lilipatikana dakika za mwisho, kichwa cha beki ambaye mchana kutwa alikuwa anazomewa na Guka. Refa alipuliza, tukakusanya nauli yake, ikapungua kidogo. Giza lilikuwa linaingia pikipiki zilipoanza kurudi, na kijana wa kwanza akapiga breki mbele ya kiti cha mzee.

“Guka, iliisha aje?”

Mzee alikuwa anakunja kiti. Hakuinua kichwa.

“Huko ulikotoka ulilipa ngapi?”

“Thate.”

“Leta thate.”

Kijana akacheka, akadhani ni mzaha. Guka akanyoosha mkono, akaungoja vile vile, wazi, mpaka sarafu zikaingia. Akazihesabu, akampa refa, ndipo akamwambia.