Mali Iliyomo Gandani mwa Korosho

Yeyote aliyepata kubangua korosho kwa mkono huko Mtwara au Lindi ajua jinsi utomvu wa ganda uchomavyo ngozi na kuacha weusi usiotoka upesi. Walakini utomvu huo huo, ukamuliwapo na kutiwa motoni hata asidi yake ikageuka kuwa kadanoli, ndio uingiao katika rangi, vanishi na breki za magari, na makapi yasaliayo huwa kuni za tanuri. Ganda ni zaidi ya nusu ya uzito wa korosho, nasi, tupelekapo sehemu kubwa ya mavuno yakiwa ghafi India na Vietnam, twawapa wanunuzi mali hiyo bure (tusiseme kitu juu ya mabibo yaozayo shambani). Serikali ihimizayo viwanda vya kubangua na iagize pamoja navyo mitambo ya kukamua, nayo ikabidhiwe vyama vya ushirika.