Majina Matupu ya Ushairi

Yako mazoea katika baadhi ya madarasa ya Kiingereza ambayo sisi twayapinga, nasi twataka wazazi wayajue, kwa kuwa wao ndio wanunuao madaftari na kungojea matokeo. Mtihani ukikaribia, mwalimu huandika ubaoni majina ya fani za ushairi, ishirini au thelathini, na mbele ya kila jina maana yake kwa maneno machache. Wanafunzi hunakili, huenda nyumbani, hukariri. Kisha huambiwa ya kuwa wamekwisha kuipitia fasihi ya kale ya Waingereza. Mashairi yenyewe hayakusomwa. Beowulf amekuwa jina katika orodha, na ubavuni pake umeandikwa mwaka, mithili ya msalaba wa kaburini.

Hayo si mapitio. Kupitia ni kupita mara ya pili mahali ulipokwisha kupita, na watoto hawa hawajapita hata mara moja.

Tuutazame huo utenzi wa Beowulf wenyewe. Una mistari 3,182, nao umetufikia katika nakala moja tu ya mkono, iliyoandikwa karibu na mwaka 1000. Katika mwaka 1731 nyumba iliyoiweka London iliwaka moto. Kurasa zikaungua kingo, lakini kitabu kikaokoka, na hata leo kiko katika Maktaba ya Uingereza. Utungo huu ulitungwa kwa ajili ya masikio. Kila mstari umekatwa vipande viwili kwa pumzi katikati. Kila kipande kina mapigo mawili mazito. Na sauti za mwanzo za maneno yale mazito hurudiwa, zikaviunga vipande viwili kama kamba iungavyo fito. Vina vya mwisho havitafutwi, wala silabi hazihesabiwi kama tuzihesabuvyo sisi katika utenzi, nane nane kila kipande. Mwanafunzi akinakili habari hii ubaoni, amepata vumbi la chaki. Akimsikia mwalimu akisoma mistari kumi kwa sauti, na darasa zima likipiga makofi manne kwa kila mstari, amelipata jambo lenyewe, na jina likija baadaye lina mahali pa kukaa. Fundi seremala hamfundishi mwanagenzi neno randa kwa kumwandikia. Humtia randa mkononi na ubao mbele yake.

Au litazameni lile jambo liitwalo keningi, yaani kukitaja kitu kwa maneno mawili yaliyounganishwa badala ya jina lake. Washairi wale waliiita bahari njia ya nyangumi. Mwulize mkariri maana ya keningi, atakujibu pasipo kukosea. Mwambie atunge moja ya mvua, au ya jembe: kimya! Na mtoto huyo amelelewa na bibi yake kwa vitendawili, naye tangu utoto ajua ya kuwa nyumba isiyo na mlango ni yai. Mlango wa somo ulikuwa wazi nyumbani kwao, mwalimu akampitisha dirishani. Hatusemi ya kuwa kitendawili na keningi ni kitu kimoja. Kitendawili huficha ili utafute. Keningi hupita katika wimbo bila kuulizwa, nayo hupamba. Lakini mtoto awezaye kuieleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe ameelimika kuliko yule mwenye orodha ya majina thelathini.

Waingereza wale wa kale nao walipenda vitendawili. Askofu Leofric wa Exeter, aliyefariki mwaka 1072, aliliachia kanisa lake kuu kitabu kikubwa cha mashairi, na ndani yake mna vitendawili zaidi ya tisini. Kimoja chasimulia habari za mdudu aliyekula maneno ya mtu mwenye hekima, akayameza gizani kama mwizi, wala asizidi akili hata kidogo. Jibu ni nondo alaye vitabu. Twawaomba walimu wenzetu wamfikiri nondo huyo watakaposhika chaki juma la mapitio.

Tena yuko Caedmon, mshairi wa Kiingereza wa kwanza ajulikanaye kwa jina. Habari zake ziliandikwa na Bede katika historia ya kanisa aliyoimaliza mwaka 731. Caedmon alichunga ng'ombe katika nyumba ya watawa ya Whitby, wakati wa Hilda, mkuu wa nyumba ile, aliyefariki mwaka 680. Karamuni, kinubi kilipomkaribia, aliondoka kwa haya akaenda zizini, kwa maana hakujua kuimba. Usiku mmoja akaamriwa katika ndoto auimbe uumbaji, akauimba. Watawa wenye elimu wakawa wakimsimulia Maandiko, naye akayageuza mashairi. Hakusoma kitabu wala hakujua istilahi hata moja katika hizo tuzikaririshazo. Wimbo wake wa kwanza uliobaki una mistari tisa. Kuusoma wote kwa sauti ni kazi ya chini ya dakika moja. Tena wako wasemao kwamba muda hautoshi!

Wazee wengine wa kanisa wametwambia kinyume: kwamba hadithi za majitu na majoka hazifai kwa watoto wa Kikristo. Twawajibu kwa heshima ya kwamba utenzi ule wamtaja Grendel kuwa wa ukoo wa Kaini, na ndani yake mna mwimbaji aimbaye jinsi Mungu alivyoiumba dunia. Waingereza nao waliletewa Injili na wageni. Agostino alifika Kent mwaka 597, na mwaka 601 Papa Gregori akaagiza mahekalu yao ya kale yasibomolewe, bali sanamu ziondolewe na nyumba zitakaswe. Walioambiwa hivyo waliendelea kuimba nyimbo za mababu zao, na kwa sababu hiyo sisi leo tuna kitu cha kusoma. Kwa nini basi mtoto wetu arudi kutoka shuleni akidhani ya kuwa fasihi ni ile ya ubaoni tu, na utenzi aliouandika Mwana Kupona kwa ajili ya binti yake mwaka 1858 si kitu?

Istilahi na zifundishwe. Mtihani huzitaka, nasi twazipenda. Ila zifuate shairi, zisilitangulie. Nanyi wazazi, jioni ya leo lichukueni daftari la mtoto, mchague jina moja, mmwombe awaimbie au awasomee mstari wenye jambo hilo. Akishindwa, msimpige. Njoni shuleni mtuulize sisi.