Fedha za Haki Zitoke Wapi?

Baadhi ya wanachama watauliza: gazeti la wakulima wa karafuu lina shughuli gani na mgodi wa dhahabu wa Bara? Shughuli ipo. Karafuu na dhahabu zote hutoka katika ardhi, na sisi wa mashamba twajua vema ilivyo pale mwenye ardhi na mwenye mizani wanapokuwa watu mbali mbali.

Kewanja ni kijiji cha wilaya ya Tarime, nchi ya Wakurya, kilichopakana na mgodi wa North Mara. Mgodi huo ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002, na tangu 2006 umekuwa chini ya Barrick ya Kanada na kampuni zake. Serikali nayo sasa ina asilimia 16. Mara kwa mara watu wa vijiji vya jirani wameingia kutafuta mawe yenye dhahabu, na polisi wamepiga risasi. Tarehe 16 Mei, 2011, waliuawa watu wasiopungua watano. Mwaka 2013 madai yalipelekwa London, yakamalizwa kwa mapatano mwaka 2015. Madai mengine yalifunguliwa Ontario, Kanada, mwaka 2022. Kampuni ilikana, na Novemba 2024 hakimu wa huko akaamua ya kuwa mahali pa kesi ile ni Tanzania.

Vema, na iwe Tanzania. Lakini nani atagharimia? Wakili wa London aweza kungoja malipo yake hata kesi iishe. Kabla yake lazima awepo mtu kijijini aliyeandika jina la aliyepigwa, siku, mahali, nani aliona, na karatasi ya hospitali imewekwa wapi. Kazi hii haipigwi picha, kwa hiyo wafadhili wengi huipita, wakalipia semina ya siku tatu hotelini na fulana zenye maandishi. Tena hutoa fedha za mwaka mmoja, na shauri la mwaka 2011 lilikwisha 2015!

Wako wasemao kwamba mgodi hutoa fedha za shule na zahanati. Ni kweli, na sheria yautaka. Lakini hatujaona bado mdaiwa akimlipia mdai nauli ya kwenda kortini.

Bara ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, nasi Zanzibar tunayo ya 2018. Zote zawatambua wasaidizi wa kisheria, wale wale ambao wanachama wetu huwaendea kwa habari za mipaka na mirathi ya mikarafuu. Kutambuliwa hakununui daftari. Fedha zao nyingi hutoka ng'ambo, na Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, kila mtu aliona jinsi bomba la ng'ambo linavyokatika.

Rai yetu ni hii. Mwenye kutaka kusaidia haki Kewanja awape wanakijiji wenyewe fedha za miaka mitano, hesabu zisomwe hadharani kijijini. Itasemwa kwamba zitaliwa. Huenda, lakini hata za hotelini huliwa, tena kwa risiti.

Nasi tuanze kwetu: kila msimu chama kitenge sehemu ndogo kwa wasaidizi wa kisheria wa shehia zetu. Tutalileta jambo hili katika mkutano mkuu, na mwanachama asiyekubali na atuandikie kabla ya siku hiyo.