Likizo ya Kujipikia Kunduchi: Ni Mapumziko ya Nani?

Kila inapokaribia likizo ya Juni au ya Desemba, mazungumzo yale yale huzuka katika vyumba vya walimu na katika korido za ofisi zetu. Mmoja anakwenda kwao Songea, mwingine anakwenda Bukoba, na wa tatu anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anatoa siri, kwamba mwaka huu angependa kuwapeleka watoto wake baharini. Wenzake humcheka. Pwani, huambiwa, ni ya watalii na ya wenye fedha; mtumishi wa mshahara ataiona kwenye kalenda.

Kauli hiyo haina msingi, na inafaa ipingwe. Familia ya mwalimu inaweza kabisa kukaa siku tano Kunduchi, ikapanga nyumba yenye jiko, ikanunua samaki kwa wavuvi wenyewe na kujipikia, bila kukopa. Lakini likizo ya namna hiyo hudai maandalizi. Isipoandaliwa, huwapumzisha watu wote wa nyumba isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja, kwa kawaida, ni mama.

HAKI YA KUPUMZIKA

Wapo watakaosema kwamba mtumishi mwema hutumia likizo yake kijijini, akalima na kuwaona wazazi. Jambo hilo ni la heshima na hapana mtu anayelikataa. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo. Siku 5 zikitengwa kwa ajili ya watoto, zinabaki 23 za shamba na wazee. Mwalimu aliyesahihisha madaftari ya darasa lenye msongamano mwaka mzima hahitaji kuomba radhi kwa kupumzika. Mapumziko ni sehemu ya kazi, kama vile kunoa jembe kulivyo sehemu ya kilimo.

Swali la pwani ni ya nani si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ufuko wa kaskazini ya Dar es Salaam ulipata mahoteli makubwa, yakiwamo Kunduchi Beach, Bahari Beach na Africana. Mwaka 1970 ukazuka magazetini mjadala mkali kuhusu utalii: je, nchi inayojenga ujamaa iweke fedha zake katika vitanda vya wageni? Hoja za pande zote zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Waliobishana walizungumzia sana fedha za kigeni na utumwa wa fikra. Ni wachache waliouliza kama karani wa Temeke naye angependa kukaa chini ya mivinje akiwatazama wanawe wakiogelea.

Leo swali hilo linaweza kujibiwa kwa vitendo. Treni ya umeme ilipoanza safari mwaka 2024, mtumishi aliyehamia Dodoma alifupishiwa sana njia ya kufika Dar es Salaam. Kunduchi yenyewe iko katika Wilaya ya Kinondoni, kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Bagamoyo. Daladala humshusha abiria Mtongani, na kutoka hapo bajaji humfikisha pwani.

MWEZI, NYUMBA NA CHAKULA

Jambo la kwanza ni kuchagua wakati. Masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kuwapeleka watoto baharini: njia hujaa matope na maji ya bahari huchafuka. Juni kuna upepo wa kusi na hewa ya ubaridi kidogo, na kwa familia inayojipikia huo ndio wakati mzuri zaidi, kwani chakula hakiharibiki upesi. Desemba kaskazi huvuma, joto huwa kali, na watu wengi hufurika ufukweni wakati wa sikukuu; atakayekwenda wakati huo hana budi kupanga mapema zaidi.

Jambo la pili ni nyumba. Asikubali mtu kutuma fedha kwa sababu ya picha aliyoiona kwenye simu. Hakuna mtumishi asiye na ndugu, rafiki au mwanafunzi wa zamani aliyeko Dar es Salaam. Huyo aombwe aende aione nyumba kwa macho yake na adai stakabadhi. Aulize maswali ya mpishi, wala asiulize ya mpiga picha: maji yanatoka bombani au yanaletwa kwa madumu? Jiko ni la gesi, na mtungi una gesi? Sufuria zipo ngapi, na kubwa kuliko zote ni ya ukubwa gani? Vyandarua vipo? Maji ya visima vya pwani aghalabu yana chumvi. Yanafaa kufulia, lakini ya kunywa yanunuliwe au yachemshwe kutoka kwenye chanzo salama. Familia ya watu 6 ihesabu si chini ya lita 15 za kunywa kwa siku, kwa maana jua la pwani hukausha mwili bila mtu kujijua.

Jambo la tatu ni chakula. Wengi hukosea kwa kuhamisha ghala zima. Kwa watu 6 na siku 5, mchele kilo 5, unga kilo 5, maharage kilo 2, sukari kilo 2, mafuta lita 2, chumvi, chai na viungo vinatosha. Vilivyobaki viachwe vinunuliwe huko huko: nazi, ndimu, mihogo, mchicha na samaki. Vitu vifungwe katika vikapu, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kikapu cha ukindu hakijawahi kumsumbua mtu.

Samaki ndio sababu ya safari. Kunduchi Pwani ni kijiji cha wavuvi tangu zama za kale, na katika soko lake samaki hunadiwa mara mashua zinapofika. Anayetoka bara aende asubuhi, asimame kando kwanza, asikilize bei zinavyopanda na kushuka, ndipo anunue. Samaki mbichi ana macho angavu yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ikibonyezwa. Samaki ambaye nyama yake imelegea na mifupa imevunjika ndani huenda aliuawa kwa baruti, uvuvi haramu ulioharibu matumbawe ya pwani yetu kwa miaka mingi. Huyo asinunuliwe hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa sufuria ya nyumbani, vibua na changu hutosha. Si lazima mtu ashindane na wapishi wa mahoteli kugombea nguru na kamba.

NANI ATAPIKA?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno haya. Tazama familia nyingi zinazokwenda baharini kujipikia. Baba amevaa kaptula, amekaa kivulini na gazeti. Watoto wako majini. Shemeji na binamu walioongezeka dakika za mwisho wanacheza bao. Na mama? Mama yuko nyuma ya nyumba, anapara samaki, anakuna nazi, anaosha sufuria asizozizoea kwa maji ya dumu. Nyumbani alikuwa na jiko lake, na jirani wa kumsaidia. Huku hana. Akirudi kazini ataulizwa habari za bahari, naye hakuitia mguu. Mara nyingi mama huyo ni mwalimu au mtumishi kama mumewe. Siku 28 za sheria ni zake pia.

Tunapenda kuitaja kujitegemea kama fahari ya taifa. Kujitegemea kwa watu 6 kunakobebwa na mgongo wa mmoja hakustahili jina hilo. Kwa hiyo kabla ya kufunga vikapu, iandikwe ratiba ya zamu, nayo ibandikwe ukutani kama ratiba ya vipindi shuleni. Baba aende mnadani na apare samaki. Si kazi ngumu kwa mtu aliyeweza kupitisha bajeti ya idara. Vijana wa kiume wakune nazi na kuosha vyombo. Wasichana wasifanywe warithi wa moja kwa moja wa kazi za mama yao. Mlo mmoja kwa siku ununuliwe kwa mama lishe wa kijijini, ili jiko lipoe na fedha ibaki kwa wenyeji. Na wageni wa ghafla wakumbushwe wosia wa wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kunduchi jembe ni mbuzi ya kukunia nazi.

Zamu iliyo muhimu kuliko zote ni ya kuwalinda watoto majini. Bahari ya Kunduchi hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa karibu saa 25, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno, na mkondo huwa na nguvu. Mtoto aliyelelewa Tabora au Singida hayajui hayo. Mvuvi yeyote atakueleza saa za maji ukimsalimu kwa adabu. Mtu mzima aliye zamu asishike simu, wala gazeti, hata hili.

UGENI WENYE ADABU

Hatuna budi kukumbuka kwamba Kunduchi ni mahali pa watu. Mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni. Anayepita kijijini ajifunge khanga au avae shati, na wazee waamkiwe. Nyavu zilizoanikwa si za kuchezea, na mashua si ya kukalia bila ruhusa. Walimu wasikose kuwapeleka watoto kwenye magofu: yupo msikiti wa kale, na yapo makaburi ya nguzo ambayo zamani yalipambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina. Hapo mtoto hujifunza kwa nusu saa kwamba pwani hii ilifanya biashara na dunia kabla ya mahoteli kuwapo.

Kisiwa cha Mbudya, kilicho mbele ya macho, kimo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1975. Anayekwenda alipe kiingilio, avae jaketi la kujiokolea ndani ya boti, na asichukue kombe wala tumbawe. Ufuko nao si wa milele. Hoteli ya Africana ililiwa na mawimbi mpaka ikaachwa, na miongoni mwa sababu za mmomonyoko wa eneo lile ni uchimbaji wa mchanga katika mito iliyokuwa ikiulisha ufuko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuudhuru ufuko ndani ya mita 60 kutoka baharini. Atakayekuta ukuta umeziba njia ya umma aende akaulize kwenye serikali ya mtaa badala ya kunung'unika. Naye aliyekuja kupumzika aondoke na takataka zake; hawezi kudai ufuko kwa mdomo huku akiuchafua kwa mikono.

Basi mtumishi asisubiri hoteli imwalike. Aanze leo kuweka akiba kidogo kila mwezi, amwombe ndugu aikague nyumba, akae na familia yake mezani waandike orodha ya vyakula na ratiba ya zamu. Akirudi kazini asipimwe kwa picha alizopiga. Apimwe kwa swali moja, nalo aulizwe mkewe: je, ulipumzika?