Uhuru wa Angani na Maabara za Shule

Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani.

Kwa nini kazi hiyo haikufanyika ardhini? Mwalimu akisimama ufukoni kwetu, upande wa Mapinga, hewa iliyo juu yake ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10. Eksirei za nyota haziwezi kuipenya. Gesi za hewa huzifyonza zote. Ngao hiyo hulinda uhai, lakini huficha habari za nyota.

Hata huko juu gesi haikosekani. Baina ya nyota na nyota imo gesi nyembamba inayofyonza sehemu ya eksirei njiani. Atakaye kujua nyota imetoa kiasi gani, sharti kwanza ajue gesi imemeza kiasi gani. Jambo hilo hupimwa papa hapa duniani, maabarani: gesi hutiwa chomboni, mgandamizo wake na urefu wa chombo hupimwa, eksirei hupitishwa, na zitokazo hulinganishwa na zilizoingia. Pasipo kipimo hicho cha chini, kipimo cha juu ni makisio.

Kazi ya Uhuru ilikoma Machi 1973, ikiwa imewezesha kuorodheshwa vyanzo 339 vya eksirei. Kiongozi wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Pwani ya Waswahili ilitoa bahari na jina; vipimo vilikuwa vya wengine. Hatusemi haya kwa kulaumu, bali kwa kujifunza. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa elimu ya kukariri vitabu tu. Basi maabara ya shule inayofunguliwa siku ya wageni peke yake si maabara, ni ghala.

Ni wajibu wa watumishi wa elimu kuhakikisha vifaa vinafika, na wa walimu kuhakikisha vinashikwa na wanafunzi. Kijana apimaye kwa uaminifu mgandamizo wa hewa katika chupa, akaandika alichokiona na si alichotarajia, amekwisha kuianza kazi ile ile.

Jina letu lilitangulia angani. Sasa na waende vijana wetu.